Paje: kaiti zisifukuzwe, zipangwe kwa kalenda ya maji

Ndugu mhariri, assalaam alaykum. Naomba unipe nafasi kwenye gazeti lako nimjibu yule msomaji alieandika kwamba kaiti za Paje (ule mchezo wa mtu kusimama kwenye ubao majini akivutwa na tiara kubwa) zipigwe marufuku zote mana zimeshatuchosha wenyeji. Mimi ni wa Paje, mama yangu analima mwani toka kabla sijazaliwa, na mimi mwenyewe riziki yangu ni kuendesha boti ya kuwafata watu wa kaiti wakishindwa kurudi, kwahiyo pande zote mbili ni zangu, nikisikia watu wanataka kaiti zifukuzwe roho inaniuma na nikiona kaiti inapita juu ya vichwa vya wakina mama wapo kwenye mashamba yao roho inaniuma vilevile, pengine zaidi.

Msomaji yule ana haki ya kukasirika, simlaumu. Ila naona hasira yake kaielekeza sipo. Upepo ulikuwepo na ngalawa zetu zilikuwa zinaenda nao kabla hajaja mtalii hata mmoja. Tatizo la Paje ni kwamba watu wa kaiti wanaangalia upepo peke yake. Mtu anaamka, anafungua Windguru, ile ya utabiri wa upepo, kwenye simu, anaona noti 18 (noti ni kipimo cha kasi ya upepo), anabeba kaiti anashuka pwani. Maji yako wapi saa hizi, bamvua (siku yanajaa sana na kutoka sana) au maji mafu, yanajaa au yanatoka, leo mwezi wa angani una siku ngapi, hayo haulizi na wala hakuna anaemwambia. Na kwa miaka yote niliyokaa kwenye boti karibu kila mtu niliemtoa majini na matatizo, shida yake ilianzia kwenye maji, upepo ulikuja kumalizia.

Kwa wasomaji wa mjini na wa bara ambao hawajafika niwaeleze kidogo pwani yetu ilivyo. Paje ipo mashariki ya Unguja, kusini yake Jambiani, kaskazini yake Bwejuu. Mbele kuna mwamba, uko kilomita moja na zaidi kutoka ufukweni, ndo unaovunja mawimbi ya bahari kuu, alafu ndani ya mwamba kuna maji matulivu na mchanga mweupe chini, ndo mana watu wa kaiti wanatoka Ulaya wanakuja mpaka kwetu. Na upepo nao Mungu katupa, kusi kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9 na kaskazi kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 2 au wa 3, na zote mbili kwetu zinakuja kiubavu zikielekea nchi kavu, yani mtu kaiti ikimshinda anarudishwa pwani, hapelekwi bahari kuu. Ukisimama ukaangalia baharini kusi inakujia mkono wa kulia, inamsukuma mtu kuelekea Bwejuu na Dongwe, kaskazi inakuja kushoto inamsukuma kuelekea Jambiani. Kuna nchi wangelipa pesa kupata upepo wa namna hii.

Lakini maji yetu yanapanda na kushuka sana jamani. Bamvua kubwa tofauti kati ya maji kujaa na maji kutoka inafika kama mita 4. Sehemu ambayo jioni mtu mzima hagusi chini, asubuhi yake watu walikuwa wanapita kwa miguu na magunia kichwani. Na haya maji hayaji ovyoovyo, mzee yeyote wa pwani atakwambia bila kushika simu, mwezi mosi na mwezi kumi na tano kwa hesabu ya mwezi wa angani, ndo bamvua, maji yanakauka kama saa 4 asubuhi na yanajaa kama saa 10 jioni, kila siku inayofata yanachelewa dakika 40 au 50 hivi, ukifika mwezi saba au mwezi ishirini na mbili hayo maji mafu, hayatoki sana na hayajai sana. Wavuvi wanaishi kwa hesabu hii, wakina mama wa mwani wanaishi kwa hesabu hii, hata harusi za huku watu wanaangalia isigongane na bamvua. Ni kaiti peke yake ndo ipo pwani yetu bila hesabu hii, na mimi ninachokuja kusema kwenye barua hii ni hicho tu, kaiti nayo iingie kwenye kalenda ya maji kama sisi wengine wote.

Kuna saa mbili mbaya, nizieleze moja moja.

Ya kwanza ni asubuhi ya bamvua. Mwani haushughulikiwi siku yoyote tu, unashughulikiwa bamvua maji yakiwa makavu, unapata masaa yako matatu ukizidi manne basi maji yanarudi. Kilimo hiki Paje na Jambiani kilianza mwaka 1989 na wengi wetu tumesomeshwa nacho. Shamba lenyewe ni vijiti vimepigiliwa kwenye mchanga, baina ya kijiti na kijiti kamba, na kwenye kamba mwani umefungwa kwa tai tai, vile vikamba vidogo, kipande kimoja kimoja, mama kainama maji magotini jua linampiga mgongoni. Mpaka uvune inataka wiki 6 hivi. Sasa msimu wa kusi upepo upo toka asubuhi, skuli za kaiti zinaanza masomo asubuhi hiyohiyo, na maji yakishakauka yale machache yaliyobaki ya kusimama mwanafunzi yapo karibu na mashamba au mulemule ndani ya mashamba. Hapo mwalimu anaona bwawa zuri limetulia. Vijiti havioni, vimefunikwa na maji ya magoti.

Kusi moja nilikuwa nje na boti, mwanafunzi wa skuli moja, jina lake siliweki gazetini, kaiti yake ikaanguka juu ya shamba. Kamba za kaiti zikazunguka kijiti. Yule mwanafunzi kwa uoga akawa anavuta bar, ule mpini wa kuendeshea kaiti, ili kaiti inyanyuke, ikanyanyuka kweli, ikashika upepo, nikaona kijiti cha kwanza kinang'oka, cha pili kinang'oka, kamba ya mwani inatoka majini imening'inia mwani wake wote, na mwisho wa kamba ile kuna mama jirani yetu kaishikilia kwa mikono miwili anavutana na kaiti. Mama mtu mzima, anavutana na kaiti ya mita 12 za mraba. Nilimpigia makelele mpaka sauti ikakauka, bi mkubwa achia, achia! Mana nilijua asichokijua yeye, ule uzi wa kaiti una unene wa milimita 2 hivi na mmoja unabeba zaidi ya kilo 200, ukikaza kwenye mkono au shingo ya mtu unachana nyama. Aliachia alhamdulillah, kaiti ikaenda kuanguka mbele. Mwalimu akaja akasema pole mama, mwanafunzi akasema sori, na wote wawili walisema kwa moyo, siwasingizii. Lakini shamba lile lilikuwa limebakisha kama wiki moja livunwe, na hakuna aliemlipa hata shilingi mana hakuna palipoandikwa nani analipa, shamba lenyewe halina alama na mwalimu anaweza kusema sikuliona na akawa anasema kweli.

Yule mama siku ya pili kashuka tena anapigilia vijiti. Na kaiti zilikuwepo tena.

Saa mbaya ya pili ni jioni ya bamvua hiyohiyo, na hii ndo inayonitisha zaidi mana hapa wanaingia watoto. Saa 10 maji yamejaa, ufukwe unakuwa hakuna, sehemu nyingine maji yanagonga kuta za mahoteli kabisa, mchanga unaobaki ni mstari tu baina ya maji na ukuta au minazi. Saa hizo ndo watoto wametoka skuli wanakuja kuoga, watalii wasiojua kaiti nao wanaoga mana maji yamekaribia, wauza mashanga wanapita, ng'ombe wanapita, na upepo wa jioni unakuwa umekaza. Na kaiti zote zilizokuwa mbali kwenye maji mchana zinataka kurudi pwani na nyingine zinataka kutoka, kwenye mstari uleule.

Mtu ambae hajawahi kushika kaiti ajue hivi, zile kamba zina urefu wa mita 20 na zaidi, na wanaofundisha wenyewe wanasema unaporusha uache wazi upande unaokwenda upepo mara mbili ya urefu wa kamba, yani karibu mita 50 kusiwe na mtu, mti wala ukuta. Haya sasa upepo wetu unaelekea nchi kavu kiubavu, ufukwe umebaki upana wa hatua chache, hizo mita 50 zitatoka wapi? Hazipo. Mtu akirusha vibaya hapo anachokutana nacho ni ukuta wa mawe au mnazi au mtoto wa mtu. Na akivunjika mguu ni gari mpaka hospitali ya Makunduchi au mpaka ya Mnazi Mmoja mjini, kilomita 50 hivi.

Na hapohapo niwasemee vijana wetu wanaosaidia kurusha. Wapo wengi pale ufukweni, mtalii anamwita kijana njoo nishikie, anamshikia, anapewa chochote, halali yake. Lakini wengi hakuna aliekaa nao akawafundisha, wanajifunza kwa kuangalia. Kurusha kaiti kuna adabu zake, unashika kaiti kwenye ukingo wa mbele imesimama kwa ubavu, unasimama mahali kitambaa kimejaa upepo hakipigipigi, unafata kamba kwa macho toka kwenye kaiti mpaka kwenye bar kuona hazijapishana na hazijashika jiwe, kamba ya upande mwekundu iwe mkono wa kushoto wa anaerusha, unasubiri akupe dole gumba, alafu unaachia taratibu, hutupi. Ukiona kamba zimepishana hata akikupa dole gumba mara kumi huachii. Kamba zikipishana kaiti ikitoka mkononi mwako inazunguka yenyewe kwa nguvu na mwenyewe anaburutwa kabla hajafikiri kitu. Kijana wa miaka 16 anajua haya? Wachache wanajua. Mafunzo yenyewe ni ya siku moja tu na skuli zote zina walimu wa kutosha, wangekubaliana kila msimu ukianza wanawakusanya vijana wote wa ufukweni wanawafundisha bure wanawapa fulana ya rangi moja, asie na fulana asirushe mtu. Hili halitaki hata serikali.

Niseme pia kuhusu tangazo la TMA, mana hapa kuna kitu wakubwa wanatakiwa wakione. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari mara nyingi unasikia upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, tahadhari inapita redioni, wavuvi wenye vyombo vidogo wanatulia nyumbani. Kilomita 40 kwa saa ni kama noti 21 na kidogo. Kwa mtu wa kaiti hiyo ni habari njema, siku hiyo ndo utaona wamejaa. Kwa mtu mzoefu mwenye kaiti ndogo ya mita 7 au 8 sina neno, ajua anachofanya. Lakini nguvu ya upepo haiongezeki kidogokidogo kama watu wanavyodhani, kutoka noti 15 mpaka noti 21 nguvu inayokuvuta inakuwa karibu mara mbili, kwahiyo yule aliejifunza wiki iliyopita na noti 15 akaona ameweza, leo kakodi kaiti ileile ya mita 12 upepo umeingia noti 21, huyo anabeba mzigo mara mbili na hajui. Na anaemkodisha anajua. Hapo ndo nawalaumu wenzetu wa kukodisha, sio wote, lakini wapo ambao swali lao ni moja tu, unalipa kwa saa au kwa siku. Mtu akija kukodi aulizwe, amefika daraja gani, aonyeshe kadi yake, wale waliosomea chini ya IKO, chama cha kimataifa cha kaiti, wanazo kadi na daraja limeandikwa, na kama hana kadi basi aende majini nusu saa na mwalimu amwone. Na siku ya tahadhari ya TMA wanafunzi wasiingie majini kabisa, pesa zao zihamishiwe siku nyingine.

Tena kuna wingu. Wavuvi wanalijua wingu hili, linakuja jeusi kutoka baharini, chini yake unaona maji yamebadilika rangi na mstari mweupe unakimbilia kwako. Upepo unapanda ghafla, mvua inapiga dakika 10 au 20, alafu upepo unakufa kabisa. Yule wa kaiti anapata mawili mabaya kwa mpigo, kwanza ananyanyuliwa, alafu kaiti inaanguka na haina upepo wa kuinyanyua. Sasa ikiwa maji ndo yanatoka, yale maji yote ya ndani yanatafuta njia ya kutokea, yanatokea kwenye mlango wa mwamba, na mtu alielala juu ya maji karibu na mlango bila upepo wa kumrudisha anakwenda nayo. Upepo wetu unaoelekea nchi kavu ndo ulikuwa bima yake, umekufa, bima hana. Nimeshawafata watu pale nje, mmoja alikuwa ameitupa kaiti anaogelea kurudi, anaogelea kinyume na mkondo, amechoka hata kuongea hawezi. Kaiti haitupwi kama haikukabi. Ukishaachia usalama, kile kifaa cha kuitoa kaiti nguvu, na kaiti imelala, unakunja kamba kwenye bar, unaifata mpaka ufike kwenye kaiti yenyewe, unaigeuza unailalia, ile ina hewa inaelea siku nzima na boti inaiona kwa mbali mana ina rangi. Kichwa cha mtu peke yake kwenye mawimbi, mhariri, hakionekani hata mita 100, niamini mimi nnaetafuta.

Na ishara ni hii, mikono miwili unapungia juu maana yake nisaidie. Naiandika hapa ili hata asiecheza kaiti, mvuvi, mama wa mwani, mlinzi wa hoteli, akiiona ajue sio mtu anamsalimia, apige simu. Apige wapi? Hilo nalo swali. KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ndo watu wetu wa uokozi baharini na wakiitwa wanakuja, ila msimu wote wa kusi na kaskazi tungepata hata askari wawili na boti moja hapohapo Paje, na namba ya simu ibandikwe kila skuli, kila duka la pwani, kila hoteli, kwa kiswahili na lugha nyingine.

Boti nazo. Kila skuli inasema ina boti ya uokozi. Nyingine boti ipo mchangani imegeuzwa kifudifudi, injini ipo stoo. Boti ya uokozi ni ile ipo majini, ina mafuta, ina nahodha juu yake, toka kaiti ya kwanza inaruka mpaka ya mwisho inatua. Nasema haya na najua baadhi ya mabosi hawatofurahi, lakini mimi na manahodha wenzangu tunapokaa tunaongea haya kila siku.

Sasa nilichokuwa naomba. Maji makavu ya bamvua, mashamba ya mwani yawekewe maboya ya rangi kwenye pembe zote, na ndani ya maboya kaiti isiingie toka saa moja na nusu kabla maji hayajakauka mpaka saa moja na nusu baada, wanafunzi wapelekwe upande usio na mashamba hata kama ni kutembea robo saa, na akiingia mtu akaharibu skuli yake inalipa, bei ya kamba moja wakubaliane mapema na wakina mama wenyewe. Maji kujaa ya bamvua, toka saa moja kabla mpaka nusu saa baada, hakuna kurusha wala kutua katikati ya kijiji pale penye kuta, kutua iwe sehemu mbili tu zenye mchanga mpana, na katikati paachwe kwa watoto na waogaji, pawekwe bendera. Maji mafu waachwe wacheze siku nzima, hizo ndo siku nzuri za kufundisha mana maji yanakaa kiunoni muda mrefu, mwalimu mwenye akili atawapangia wanaoanza wiki hiyo.

Wataniambia mgeni kalipa wiki moja tu huwezi kumwambia asubiri. Hesabu yenyewe tuifanye. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi, siku zinazobana tuseme nne kila mara, ni siku nane, na kila siku hizo ni saa moja na nusu jioni, na asubuhi hafukuzwi majini, anasogezwa tu. Mgeni aliekaa kwenye ndege usiku kucha ili aje Paje hawezi kunywa juisi saa moja na nusu? Wageni wengi wakielezwa wanaelewa haraka kuliko wenye biashara, wengine wanauliza wenyewe mbona hakuna bendera, mana kwao wameshazoea kuona fukwe zimegawanywa. Huu mchezo sasahivi ni mkubwa, 2024 ulikuwepo kwenye Olimpiki ya Paris, walishindania kule Marseille. Na vijana wetu wa Paje wapo wanaorusha vizuri kweli, wengine ni walimu wanalisha familia, ndo mana namwambia ndugu msomaji kufukuza kaiti ni kufukuza na riziki zao.

Ila utaratibu huu usiandikwe na wenye mahoteli peke yao, na wala usije umeshapangwa mjini. Sheha, kiongozi wetu wa shehia, aite kikao, wakae wakina mama wa mwani, kamati ya wavuvi, skuli za kaiti, vijana wa ufukweni na mtu wa Kamisheni ya Utalii na wa KMKM. Na wakina mama wasikae nyuma ya ukumbi wakasikiliza, waanze wao kusema, mana wao ndo wanaojua shamba linaanzia wapi na maji yanakauka saa ngapi na wao ndo wanaopitiwa juu ya vichwa. Kikao kikishakubaliana kibandikwe ufukweni na kalenda ya mwezi mzima pembeni, tarehe na saa za maji, ili hata aliefika jana asiweze kusema sikujua. Wenzetu wa Jambiani na Bwejuu wana maji hayohayo na upepo huohuo, wakiona kwetu imefaa watachukua, na hata Kenya kule Diani na Watamu kusi ni hiyohiyo na mwamba wanao.

Muda upo. Kaskazi ikishaisha inaingia masika, pwani inapungua watu, skuli zinakarabati vifaa, na kusi mpaka ishike vizuri ni mwezi wa 6. Kikao kikikaa ndani ya masika tutakuwa tayari. Maboya yasisubiri tenda, wavuvi tunayatengeneza wenyewe kwa madumu ya mafuta ya kula, unayapaka rangi ya machungwa, unafunga kamba na jiwe. Mimi boti ipo, nitayapeleka na kuyatia nanga kwenye pembe za mashamba yote bure, wakina mama wanionyeshe tu mipaka na mtu anitilie mafuta ya injini.

Nahodha wa boti,
Paje, Kusini Unguja